Kidole chako, laini ya mwingine: Sheria za mtandao zinapofika Makongolosi

Ni wachache miongoni mwetu ambao simu zao hazijawahi kupokea ule ujumbe wa mistari miwili usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Anayeutuma hamjui anayemwandikia. Hajui kama ana deni, wala jina lake, wala mji anaokaa. Anautawanya kwa namba nyingi kama mvuvi atupaye jarife usiku, akijua kwamba kati ya mamia ya watu hawakosi wawili watatu ambao asubuhi hiyo hiyo waliahidi kumtumia mtu fedha, na ambao kwa haraka zao watadhani kwamba aliyeandika ndiye yule anayewadai. Tapeli hakulitunga deni. Deni lilikuwapo, yeye amelivizia njiani.

Katika makala yetu ya leo tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Makongolosi, mji mdogo wa wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, kwa sababu mji wa namna ile umejaa madeni madogo madogo yanayongoja kulipwa kwa simu. Msafiri atokaye Mbeya hupanda milima hadi Chunya, kisha huendelea kilomita zipatazo 39 hadi kufika Makongolosi, na akitaka anaweza kuendelea na njia hiyo hadi Rungwa na Itigi. Mji umekaa juu ya ardhi ya dhahabu ya Lupa, ambayo wachimbaji waliikimbilia tangu miaka ya 1920 na 1930, na ambayo hadi leo inawalisha wachimbaji wadogo waliotoka mikoa mingi ya nchi. Mwenye duara anadaiwa na vijana waliochimba. Vijana wanadaiwa na mama lishe. Mwenye karasha anangoja ujira wa kusaga mawe. Na kila mmoja wao ana mzazi, mke au mtoto katika kijiji cha mbali anayengojea chochote.

Zamani fedha hizo zilisafiri mfukoni, au katika bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi, na wapo walioporwa na wapo waliodhulumiwa na waliowaamini. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, mtu aliye shimoni mchana anaweza jioni kupanda juu, akamwendea wakala aliyekaa chini ya mwavuli, na kabla ya swala ya magharibi ada ya mtoto ikawa imeshafika Singida. Hii ni neema, na hatuoni haya kuiita hivyo. Lakini neema hii imemfanya kila mchimbaji kuwa na hazina mfukoni inayolindwa na tarakimu nne tu, na hazina hiyo imeandikwa kwa jina la mtu ambaye, kama tutakavyoona, aghalabu si yeye.

Sheria ya kubisha hodi

Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao tarehe 1 Aprili 2015. Muswada uliletwa kwa hati ya dharura na Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Profesa Makame Mbarawa. Rais Jakaya Kikwete aliutia saini mwezi huo huo, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Ni sheria namba 14 ya mwaka huo, nayo ilikuja pamoja na dada yake, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13, ambayo watu wengi hawaitaji ilhali kwa mlalahoi huenda ndiyo yenye faida zaidi. Tutaifikia.

Jina la sheria limewapotosha wengi. Wanadhani kwamba kwa kuwa wao hawana kompyuta wala hawaingii katika intaneti, basi sheria hii ni ya watu wa Dar es Salaam na ofisi zao. La hasha. Tafsiri ya mfumo wa kompyuta iliyomo katika sheria ni pana kiasi cha kuchukua kifaa chochote kinachohifadhi, kuchakata na kupeleka taarifa. Simu ndogo ya vitufe inayouzwa katika gulio la Makongolosi imo ndani yake, na kila anayetuma au kupokea fedha kwa simu hiyo yumo ndani yake pia.

Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa mwingine bila ya haki. Sisi tungekiita kifungu cha hodi. Watu wa nchi hii wamelelewa kwamba mtu haingii nyumba isiyo yake mpaka apige hodi na aitikiwe, na waumini wanajua kwamba Surat Nuur imeliweka jambo hilo kuwa ni amri, wala si adabu tupu. Sheria imelichukua wazo hilo na kulipeleka katika nyumba isiyo na mlango. Anayefungua simu ya mwenzake akasoma salio lake, au anayeikariri namba ya siri ya mzee asiyejua kusoma ili baadaye aitumie, ameingia pasipo hodi. Adhabu ya kosa hilo ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, kwa kutazama ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ama kwa utapeli wenyewe, kifungu cha 12 ni kikali zaidi. Anayemsababishia mwingine hasara kwa hila za kompyuta anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au mara tatu ya alichokichuma, au kifungo kisichopungua miaka saba. Anayejifanya mtu mwingine kwa njia hizo, kwa mfano yule anayeandika kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na kodi sasa itumwe kwa namba mpya, anaweza kushitakiwa kwa kifungu cha 15, ambako pia miaka saba inamngoja. Hesabu ni ya kutisha ukizingatia kwamba ujumbe ule aghalabu huwa unatafuta shilingi elfu hamsini.

Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba nchi haina sheria. Sheria ipo, na adhabu zake ni nzito. Swali ni moja: je, anayefikiwa na sheria hiyo ni nani?

Mlango wa kwanza kubishwa

Askari anapopokea malalamiko ya mtu aliyetapeliwa hana uso wa tapeli. Hana sauti yake, maana tapeli aliandika tu. Alicho nacho ni namba. Kifungu cha 32 kinampa uwezo wa kutaka taarifa kutoka kwa anayezihifadhi, nayo kampuni ya simu inalazimika kumweleza namba ile imesajiliwa kwa jina la nani. Kuanzia hapo upelelezi una mtu, una kitambulisho chake na una alama za vidole vyake.

Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaupa nguvu. Katika miaka ile ilitosha kuonyesha kadi ya mpiga kura au barua ya serikali ya mtaa, na wako waliosajili kwa majina ya kubuni. Ndipo tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole, unaofungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho wake ulipangwa kuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wasomaji wetu wanazikumbuka foleni za wakati ule. Wananchi waliambiwa kwamba sasa kila laini itakuwa na mwenyewe wa kweli, na kwamba tapeli hatakuwa na pa kujificha.

Tapeli alipata pa kujificha. Alijificha nyuma ya kidole cha mtu mwingine.

Namna ya kwanza inajulikana. Kijana wa kusajili laini anakaa na kifaa chake sokoni. Mteja anaweka kidole. Anaambiwa hakijasoma, akipanguse, aweke tena. Hakijasoma, aweke cha upande wa pili. Mchimbaji ambaye ngozi ya vidole vyake imesuguliwa na mawe na sururu anaamini mara moja kwamba tatizo ni vidole vyake, kwa sababu ni kweli kwamba vidole vya namna hiyo mara nyingi havisomeki. Lakini si kila mara tatizo huwa ni vidole. Wapo wasajili wasio waaminifu ambao alama ya kwanza hufungulia laini ya mteja, na ya pili hufungulia laini nyingine ambayo mteja hataiona kamwe. Laini hiyo huuzwa ikiwa hai, ikiwa na jina na namba ya kitambulisho cha mtu asiye na habari.

Namna ya pili haina hila yoyote, nayo ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa kuwa imejengwa juu ya wema. Katika mji wa wageni daima wapo waliopoteza vitambulisho, au ambao maombi yao hayajajibiwa, au ambao namba zao zimebaki katika kijiji walichotoka. Mtu wa namna hiyo anahitaji laini ili apokee ujira wake. Anamwomba mwenzake wa kambini amsajilie. Mwenzake anakubali, atamkatalia vipi mtu anayekula naye sahani moja? Baada ya miezi mitatu duara limekauka, yule bwana amehamia machimbo mengine, laini ameondoka nayo, au ameiuza, au imeokotwa. Kidole kimebaki Makongolosi.

Taarifa za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake za TCRA, zimekuwa kwa miaka ya karibuni zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Rukwa si mbali na Chunya. Zote ni nyanda zile zile za kusini magharibi, na watu wanaingiliana. Tunalitaja jambo hili si kwa ajili ya kuwanyooshea kidole watu wa Sumbawanga, kama ilivyo mazoea ya barazani, bali ili msomaji afahamu kwamba laini iliyosajiliwa Makongolosi haihitaji safari ndefu ili ifike penye soko lake.

Sasa mlango unabishwa. Anayeitwa kituoni ni mwenye kidole. Hapa hatuna budi kusema kwa uangalifu, kwani kuna uvumi mwingi. Sheria haisemi kwamba mwenye laini ni mkosaji kwa sababu tu laini ni yake. Vifungu tulivyovitaja vinataka nia na kitendo, na ni juu ya upande wa mashitaka kuthibitisha kwamba ni yeye aliyetapeli, au alisaidia, au alishiriki katika njama. Mtu ambaye hakujua kabisa ana utetezi wa kweli. Lakini utetezi unasikilizwa mahakamani, na Mahakama ya Wilaya iko Chunya mjini, na kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kusikilizwa yapo mahabusu, yapo mambo ya dhamana, ipo nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa, na ipo kazi ya shimoni inayomtaka kila siku. Aliyemsajilia mwenzake kwa hiari yake ana mzigo wa ziada, maana hawezi kusema kwamba hakujua kuwa laini ipo. Atasema alimsaidia ndugu. Ataulizwa ndugu huyo ni nani na yuko wapi, na mara nyingi atakuwa anamjua kwa jina la utani tu.

Ndiyo maana tunasema kwamba kidole ni amana, na amana haikopeshwi. Kama ndugu yako hana laini, mpokelee fedha yake kwa simu yako mbele ya shahidi na umkabidhi. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa siku moja moja.

Yapo mambo ambayo mwenye kidole anaweza kuyafanya leo hii bila ya kumlipa mtu yeyote. Kwa kubonyeza *106# katika simu yake, na kufuata maelekezo, ataziona laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chake katika mtandao anaoutumia. Na akiwa na laini za mitandao mingine afanye vivyo hivyo kwa kila moja. Akiona namba asiyoijua aende katika duka la kampuni husika na kitambulisho chake na kutaka ifutwe. Laini iliyopotea au kuibwa nayo itolewe taarifa. Watu wanaona hasara ya kutoa taarifa ya laini ya shilingi elfu moja, kisha wanashangaa inapofanya kazi ya milioni moja. Tungependa kuona viongozi wa makundi ya wachimbaji wakilifanya jambo hili kuwa la pamoja, siku moja ya mapumziko, kila mtu na simu yake mkononi, na mwenye kujua kusoma akimsaidia asiyejua. Halichukui hata nusu saa.

Ujumbe usiufute

Turejee kwa ile sheria dada. Kabla ya mwaka 2015 ilikuwa si jambo jepesi kuipelekea mahakama karatasi iliyotoka katika mashine na kudai kuwa ni ushahidi, kwa kuwa sheria ya ushahidi tuliyoirithi iliandikwa katika zama za wino na daftari. Mwaka 2000 Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, katika shauri la benki ya Trust dhidi ya kampuni ya Le-Marsh, alikubali kwamba kumbukumbu za benki zilizotolewa na kompyuta zihesabiwe kuwa ni vitabu vya benki, akieleza kwamba mahakama haiwezi kubaki nyuma ya mabadiliko ya biashara. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, lakini haukuweza kuziba mapengo yote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ndiyo iliyosema bayana kwamba ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila mahakama itatazama umehifadhiwa vipi na kama kuna mashaka juu ya uzima wake.

Maana yake kwa mtu wa Makongolosi ni hii. Ujumbe wa tapeli usiufute kwa hasira. Ujumbe wa kampuni unaoonyesha muamala, saa yake na namba yake ya kumbukumbu, usiufute. Usitosheke na kumsimulia askari. Mwonyeshe simu yenyewe. Kadhalika makubaliano ya mgawo wa kifusi au ujira yakiandikwa kwa ujumbe mfupi yana uzito ambao maneno ya mdomo hayana. Kwa mchimbaji aliyezoea kuambiwa na tajiri kwamba hakuna maandishi yoyote baina yao, huu ni ulinzi mkubwa kuliko faini zote za milioni 20.

Muuza dhahabu naye ana la kuchunga. Akipokea ujumbe unaosema kwamba ameingiziwa fedha, asikabidhi hata punje mpaka ameangalia salio lake mwenyewe kwa namba yake ya siri. Ujumbe unaweza kutungwa na mtu yeyote, lakini salio halitungwi. Na akipigiwa na mtu anayelia kwamba amemtumia fedha kwa makosa na anaomba arudishiwe, asitume chochote kwa mkono wake. Amwambie awasiliane na kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kuurudisha muamala.

Lugha ya sheria na ndimi za watu

Wabunge waliijadili sheria hii kwa Kiswahili kule Dodoma, na wananchi wakawasikia redioni. Lakini sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza. Mchimbaji aliyeambiwa kwamba kutojua sheria si utetezi aliambiwa hivyo kuhusu maandishi ambayo asingeweza kuyasoma hata kama angeletewa kambini. Mwaka 2021 Bunge lilibadili utaratibu na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ikaanza. Tunaipongeza hatua hiyo, ingawa tunaona imechelewa sana kwa nchi inayojivunia Kiswahili.

Na hatari ya kutoijua sheria inaonekana zaidi katika kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo. Mtu akichapisha jambo katika mfumo wa kompyuta hali ya kuwa anajua kuwa ni la uongo au la kupotosha, na kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma, faini yake haipungui milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Katika makundi ya simu ya familia, ya vikoba na hata ya misikiti, watu wanarushiana habari za mauti, za ajali, za dawa na za uchawi bila ya kuuliza zimetoka wapi. Waumini wameamrishwa katika Surat Hujurat kuichunguza habari inayoletwa na asiyeaminika kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na kusema kwamba mimi nimepeleka tu kama nilivyopokea hakumwondolei mtu dhima mbele ya jirani aliyevunjiwa heshima.

Pamoja na hayo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Kifungu kinachokataza uongo kinaweza pia kugeuzwa kuwa fimbo ya kumnyamazishia msema kweli. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alitiwa hatiani chini ya sheria hii kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook juu ya Rais John Magufuli, akaamriwa kulipa shilingi milioni 7 au aende jela miaka mitatu. Mwaka huo huo waendeshaji wa mtandao wa Jamii Forums walikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 32 na 38, wakisema vinawalazimisha kuwafichua watu wanaotoa habari za ufisadi kwa siri. Shauri lao halikufanikiwa mwaka 2017. Mmoja wao, Maxence Melo, aliyekamatwa Desemba 2016, alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia upelelezi na kutozwa faini ya shilingi milioni 3. Jirani zetu wa Uganda walifuata njia nyingine: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno.

Msomaji atazame vizuri: kifungu cha 32 ndicho kile kile tulichokisifu kwamba kinamsaidia askari kumpata tapeli aliyemwibia mchimbaji. Kinafichua jina la mwizi na kinafichua jina la mtoa siri, wala hakitofautishi. Kwa maoni yetu ilifaa ombi la taarifa za mtu lipitie kwanza kwa hakimu, angalau pale jambo linapohusu maneno na si mali.

Daftari la wakala

Miaka saba baada ya sheria ya makosa ya mtandao ndipo ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Ibara ya 16 ya Katiba ilikwisha kuitambua haki ya mtu kuwa na faragha, lakini haki hiyo ilikuwa haina mlinzi wa kila siku. Sasa anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azikusanye kwa lengo lililo wazi, asizitumie kwa lengo jingine, na azilinde.

Msomaji akumbuke daftari la wakala. Limelala juu ya meza, limefunguliwa, nalo lina majina, namba za simu, kiasi kilichotolewa na saini. Anayengoja zamu yake analisoma la aliyemtangulia. Kwa macho hayo hayo tapeli anajua kwamba bwana fulani jana ametoa milioni mbili, kwa hiyo dhahabu imepatikana. Nazo nakala za vitambulisho zinazoachwa katika nyumba za wageni na katika vibanda vya kusajili laini, mwisho wake ni nini? Si ajabu karatasi kama hizo zikafungiwa maandazi.

Benki Kuu nayo, Novemba 2024, ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni na kuzikataza. Watu waliokopa huko wanajua zilivyokuwa zikilifungua kabati la majina katika simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu, wakwe na majirani ili kumwaibisha. Riba yao ilikuwa dhulma, na kumwanika mtu ilikuwa dhulma ya pili juu yake.

Aliyekwisha kutapeliwa afanye haraka. Aipigie simu kampuni yake, kisha aitume namba ya tapeli pamoja na neno UTAPELI kwenda 15040, ambayo ndiyo namba iliyowekwa kwa malalamiko ya aina hii, na ndipo aende kituo cha polisi akiwa na simu yenye ujumbe wote. Kama fedha bado imo katika akaunti ya laini ile, inaweza kuzuiwa. Kama imeshatolewa kwa wakala, inabaki kutafutwa kwa njia ya upelelezi, na upelelezi utaanzia kwa mwenye kidole.